Mkono Usioachia Prufu: Kisa cha Andrés Bello na Kanuni ya Kiraia ya Chile

Sheria iliyopitisha Kanuni ya Kiraia ya Chile, ya tarehe 14 Desemba 1855, ni fupi mno ukilinganisha na mzigo inaoubeba. Kifungu chake cha pili hakigusi mali, ndoa wala mirathi. Kinahusu uchapaji. Kinaagiza litolewe mara moja toleo sahihi, lililofanyiwa kazi kwa uangalifu. Nakala mbili zithibitishwe na Rais wa Jamhuri, zipigwe muhuri wa Wizara ya Sheria na kuwekwa kwa makatibu wa mabaraza mawili ya Bunge. Nyingine mbili zikae kwenye hifadhi ya Wizara. Maandishi ya zile mbili zilizowekwa kwa makatibu wa mabaraza ndiyo sheria yenyewe, na kila chapa itakayofuata lazima ilingane nayo.

Aliyekabidhiwa kusimamia toleo hilo ni yule yule aliyeiandika Kanuni: Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, seneta, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chile, mwenye umri wa miaka 74. Toleo likawa tayari mwaka 1856. Kati ya kura ya Bunge na toleo hilo, Bello hakuishia kuondoa makosa ya chapa. Alibadili maneno, akapanga upya sentensi, na mahali pengine akagusa maana. Wabunge walikuwa wameshapiga kura na kwenda zao.

Wanasheria wa Chile hulisoma tukio hilo kama swali la mamlaka: je, kilichopitishwa ndicho kilichochapwa? Swali la haki kabisa, na tutalirudia. Lakini ukimfuata Bello tangu ujana wake unaona kwamba tukio la 1856 halikuwa la ghafla. Kuandika hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kuachia. Kila alichokitoa kilitoka kwa sababu kulikuwa na kiwanda cha chapa kinachosubiri kurasa. Pasipokuwa na kiwanda cha kusubiri, kazi ilibaki mezani miaka arobaini.

Karani aliyepewa gazeti

Bello alizaliwa Caracas tarehe 29 Novemba 1781. Alijifunza Kilatini kwa Cristóbal de Quesada, mtawa wa La Merced, akapata shahada ya sanaa mwaka 1800, na kwa muda mfupi akamfundisha kijana aliyekuwa mdogo wake kwa miaka miwili hivi tu, Simón Bolívar, mkombozi wa baadaye. Mwaka 1802 aliajiriwa katika ofisi ya gavana wa Kihispania. Alikuwa karani hodari, na Kiingereza alijifunza mwenyewe. Kiingereza hicho ndicho kilichomfanya awe mtu wa kwanza kutafsiri habari kwamba mfalme wa Hispania ameachishwa kiti na Napoleon: mwaka 1808 gazeti la Kiingereza lilifika kutoka Trinidad, akapewa yeye alisome.

Mwaka huo huo Venezuela ilipata mashine yake ya kwanza ya kuchapa, ikiletwa kutoka Trinidad na wachapaji Mateo Gallagher na Jaime Lamb. Oktoba 24, 1808 likatoka toleo la kwanza la Gazeta de Caracas, na mhariri wake akawa Bello. Lilikuwa gazeti la serikali: linachapa kinachotakiwa, linalipwa na mwenye nchi. Mfumo huo ataukuta tena miaka 22 baadaye, upande wa pili wa bara, na huko ndiko utakakomfaa.

Baada ya mapinduzi ya Aprili 19, 1810, baraza jipya la Caracas lilituma ujumbe London: Bolívar, Luis López Méndez, na Bello akiwa katibu. Walifika Portsmouth Julai 1810. Bolívar alirudi Septemba. Bello alidhani atakaa miezi michache. Akakaa miaka 19.

London: majarida mawili na fedha zilizokauka

Jamhuri ya kwanza ya Venezuela ilianguka mwaka 1812, na mshahara ukakatika. Kwa miaka kumi aliishi kwa vibarua vya kalamu: kufundisha watoto wa William Hamilton, ofisa mkubwa wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, kusahihisha Biblia ya Kihispania, kuusoma mwandiko mbaya wa mwanafalsafa Jeremy Bentham na kuunakili upya. Mkewe wa kwanza, Mary Ann Boyland, alikufa kwa kifua kikuu Mei 1821, akiacha watoto wadogo. Faraja yake ilikuwa vitabu: maktaba ya Francisco de Miranda katika nyumba ya Grafton Street, ambako alijifunza Kigiriki, na chumba cha kusomea cha British Museum, ambako alianza uchunguzi wa utenzi wa kale wa Kihispania kuhusu shujaa Cid. Uchunguzi huo ukumbuke. Hakuna mchapaji aliyewahi kuusubiri, na ulichapwa mwaka 1881, miaka 16 baada ya kifo chake.

Mwaka 1822 mambo yalianza kufunguka. Antonio José de Irisarri, mjumbe wa Chile, alimchukua awe katibu wa ubalozi. Mwaka huo huo alifika London Juan García del Río, mzaliwa wa Cartagena, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Peru, aliyetumwa na San Martín, mtawala wa Peru wakati huo, kutafuta mkopo na mwanamfalme wa kuitawala Peru. García del Río na Bello wakaanzisha jarida. Toleo la 1823 lilikuwa na jina lililoandikwa hivi kwenye ukurasa wa mbele: La Biblioteca Americana, o Miscelánea de literatura, artes i ciencias.

Itazame ile i kabla ya ciencias. Kihispania cha kawaida huandika y. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuandika neno kama linavyotamkwa, hawezi kuona ajabu. Lakini kwa Mhispania wa 1823 herufi hiyo moja ilikuwa tangazo la vita. Ndani ya jarida, Bello na García del Río walitoa makala yenye mpango kamili wa kurekebisha tahajia kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa na mambo sita: sauti nzito ya kooni iandikwe j kila mahali, badala ya x na g, i ichukue nafasi ya y inapokuwa irabu, h isiyotamkwa ifutwe, rr iandikwe popote sauti ya r ni kali, z ichukue nafasi ya c laini, na u bubu inayofuata q iondolewe. Watu wakishazoea, ndipo ije hatua ya pili yenye mambo mawili: q ishike nafasi ya c ngumu, na u bubu baada ya g ifutwe.

Mpango umepimwa vizuri. Unaanza na mabadiliko yasiyomvuruga msomaji, kisha unaongeza. Sababu yake ilikuwa ya kisiasa: nchi mpya zilikuwa na umma usiojua kusoma, na kila kanuni isiyo na maana katika tahajia ni miezi ya ziada darasani kwa mtoto. Hata hivyo mpango mzima haukutumika. Kilichopata mizizi ni kile cha mwanzo tu, i na j.

Juzuu la kwanza la Biblioteca Americana lilikamilika. La pili lilianza, likakatika. Maelezo ya kawaida ni kwamba wasomaji walikuwa wachache. Sisi tunaona fedha zilitangulia kukosekana. San Martín aliondoka Peru Septemba 1822, na Bunge la Peru likamvua García del Río madaraka ya ujumbe wake. Jarida lilikuwa limeegemea watu wa balozi, na balozi ziliegemea mikopo iliyokopwa pale pale London: Chile pauni 1,000,000 mwaka 1822, Peru pauni 1,200,000, Kolombia pauni 2,000,000, kisha nyingine 4,750,000 mwaka 1824. Mshahara wa mhariri ulikuwa tone la mkopo.

Ukiielewa hesabu hiyo unaelewa pia kilicholiua jarida la pili. Bello alihamia ubalozi wa Kolombia mwaka 1825. Desemba hiyo benki za Uingereza zikaanza kuanguka. Februari 1826 ikaanguka B. A. Goldschmidt, nyumba iliyoshika fedha za Kolombia. Kolombia, Peru na Chile zote zikashindwa kulipa wadai wao mwaka huo. Na katikati ya mtikisiko huo, Julai 1826, Bello na García del Río wakatoa ilani ya jarida jipya, El Repertorio Americano! Ni ujasiri au ni ukaidi, labda vyote. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 1826 kwa wachapishaji Bossange, Barthés i Lowell, la pili Januari 1827, la tatu Aprili, la nne Agosti. Kisha basi.

Matoleo manne, kila moja unene wa kitabu. Yaligawanywa sehemu tatu: fasihi na sanaa, hisabati na sayansi za maumbile, kisha fikra, maadili na historia. Humo kuna uhakiki wa Bello juu ya utenzi wa mshairi Olmedo kuhusu vita vya Junín, na juu ya mashairi ya Heredia, Mkyuba. Ni uhariri wa mtu anayechagua: mkulima wa Caracas au mwalimu wa Bogotá alitakiwa apate humo kitu cha kufanyia kazi, siyo cha kupambia rafu.

Udhaifu wake ulikuwa wa mpango mzima. Msomaji yuko Caracas au Buenos Aires, kiwanda kiko London. Agizo, malalamiko na malipo vyote vinavuka bahari kwa tanga, na mhariri hajui toleo la kwanza limepokewaje mpaka la tatu liko mashineni. Ukiwa na mfadhili mwenye mfuko mrefu unaweza kuvumilia pengo hilo. Bello hakuwa naye.

Lakini majarida yalimfanyia jambo moja kubwa. Kwa miaka mingi alikuwa akitunga utenzi mrefu aliouita América, asioumaliza kamwe. Biblioteca ilipohitaji kitu cha kufungulia, akakata kipande na kukitoa: wito kwa Ushairi aiache Ulaya iliyochoka, ahamie upande wa pili wa Atlantiki. Repertorio ilipohitaji, akakata kingine, shairi juu ya kilimo cha ukanda wa joto, ambalo ndilo linalosomwa zaidi leo. Humo mimea inapita mmoja mmoja: muwa, kakao, nili, tumbaku, kahawa, mhogo, viazi, pamba, mahindi, ndizi. Mpwani anayelisoma atajiona yuko shambani kwake, na mhogo na mahindi ni mazao yaliyotufikia kutoka huko huko. Bello aliweka na maelezo chini ya ukurasa kwa wasioijua mimea hiyo. Bila tarehe za jarida, vipande hivyo vingelala pamoja na mswada wa Cid.

Kufikia 1828 mshahara wa ubalozi ulikuwa hauji, na Bello ameoa tena, kwa Isabel Dunn, na watoto wanaongezeka. Februari 14, 1829 akapanda meli kwenda Chile, ambako Mariano Egaña, aliyefanya naye kazi London, alikuwa amemfungulia mlango. Aprili 27 Bolívar akaandika kutoka Quito kumsihi balozi wake asimwache Bello apotelee kwenye nchi ya vurugu. Barua iliandikwa meli ikiwa baharini mwezi wa tatu.

Santiago: gazeti lenye mlipaji

Alishuka Valparaíso Juni 25, 1829. Vurugu aliyoihofia Bolívar ilikuja kweli: vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoamuliwa Lircay Aprili 17, 1830. Washindi walikuwa wahafidhina wa Diego Portales, na Bello aliwafanyia kazi bila kujificha. Hapa wakosoaji wake wana hoja. Aliandika hotuba za marais na taarifa za Wizara ya Mambo ya Nje, ambako alikuwa ofisa mkuu hadi 1852. Alikuwa seneta tangu 1837 hadi 1864. Serikali alizozitumikia hazikuwa na huruma kwa wapinzani. Yeye alitaka utaratibu kwanza, na uhuru ujengewe juu yake. Vijana waliomwona mzee wa sheria na sarufi hawakumwonea.

El Araucano, gazeti la serikali, lilianza Septemba 17, 1830. Bello alishika habari za nje na fasihi, na aliendelea nalo hadi 1853. Linganisha na London: msomaji mkuu yuko mtaa wa pili, mlipaji ni hazina ya taifa, na kosa la wiki hii linasahihishwa wiki ijayo. Alilitumia kupigania mambo mahususi. Alipinga ukaguzi wa vitabu forodhani. Alidai mahakimu waandike sababu za hukumu zao badala ya kutoa uamuzi mtupu, jambo lililokuja kuwa sheria mwaka 1837.

Kazi nyingine ziliendelea sambamba. Mwaka 1832 alitoa kitabu cha sheria za mataifa. Mwaka 1843 alifungua Chuo Kikuu cha Chile na kukiongoza hadi kufa. Mwaka 1844 chuo hicho kilikubali sehemu ya tahajia aliyoipendekeza London. Mwaka 1847 ikatoka sarufi yake ya Kihispania kwa matumizi ya Waamerika, akihofia lugha isije ikavunjika vipande kama Kilatini kilivyovunjika.

Jinsi sheria ilivyopitishwa kwenye chapa

Chile huru ilikuwa bado inahukumu kwa sheria za Hispania: mkusanyiko wa Siete Partidas wa karne ya 13, na juu yake amri za wafalme zilizorundikana, nyingine zikipingana. Wakili mwenye maktaba kubwa alimshinda mwenye haki. Tangu miaka ya 1830 ilibishaniwa: zikusanywe zilizopo, au iandikwe kanuni mpya? Bello alikwishaanza kuandika peke yake.

Sheria ya Septemba 10, 1840 iliunda tume ya maseneta wawili na wabunge watatu. Bello na Egaña walikuwa maseneta. Manuel Montt, rais wa baadaye, alikuwa mmoja wa wabunge. Utaratibu wao ulikuwa huu. Bello analeta rasimu ya sura moja. Tume inaijadili. Ikikubaliwa, inachapwa katika El Araucano. Watu wa sheria wanaisoma, wanaleta hoja, Bello anajibu kwenye gazeti hilo hilo au anabadilisha. Kisha sura inayofuata. Walianza na mirathi, wakaingia mikataba, na hivyo hivyo kutoka 1841 hadi 1845.

Mtu aliyewahi kuhariri jarida ataitambua njia hiyo mara moja: ni kazi ndefu inayotolewa kwa matoleo. Faida yake ni kwamba wasomaji wanakuwa wahakiki kabla kitu hakijakauka. Hasara yake ni kwamba sura za kwanza zinakuwa zimezeeka sura za mwisho zinapotoka, na istilahi zinaanza kutofautiana: neno lililotumika katika mirathi mwaka 1841 halilingani na lile lile katika mikataba mwaka 1845. Basi ikabidi kurudia yote. Tume ilififia, Egaña akafa mwaka 1846, na Bello akabaki peke yake na karatasi. Mwaka 1852 rasimu nzima ilikuwa tayari.

Mwaka 1853 ikachapwa kama mradi, ikapelekwa kwa majaji na watu wa sheria ili watoe maoni. Chini ya vifungu vingi Bello aliweka maelezo ya vyanzo: Partidas, sheria ya Kirumi, Kanuni ya Ufaransa ya 1804, rasimu ya Kihispania ya García Goyena, vitabu vya wanasheria Pothier, Delvincourt, Savigny. Ni desturi ya mhariri wa maandishi ya kale, anayeonyesha kila usomaji umetoka nakala gani. Kisha ikakaa tume ya mapitio, Montt mwenyewe, sasa rais, akiwa mwenyekiti, na humo Bello alishindwa zaidi ya mara moja. Yeye alipendelea mtu awe huru kuusia mali yake atakavyo. Kanuni ikaishia na mafungu ya lazima kwa warithi.

Novemba 22, 1855 ikapelekwa Bungeni na hotuba aliyoiandika Bello, ikatiwa saini na Montt. Bunge halikujadili kifungu kwa kifungu. Lilipitisha kwa mkupuo vitabu vinne: watu, mali na umiliki, mirathi na zawadi, wajibu na mikataba. Vifungu 2,524 na kimoja cha mwisho. Kuanza kutumika: Januari 1, 1857.

Sasa kipo kipindi cha mwaka mmoja na ushee, na prufu, yaani kurasa za majaribio za chapa, ziko kwa Bello.

Alichokigusa, na kwa nini ilikubalika

Kisheria alikuwa na kinga. Kifungu cha pili kilikwishasema maandishi halali ni yale ya nakala zilizowekwa kwa makatibu wa mabaraza ya Bunge. Chochote kilichomo humo, ndicho. Tena Bunge lililopitisha kwa mkupuo lilikuwa limekiri waziwazi kwamba linamwamini mwandishi. Ila kinga ya kisheria haiondoi tatizo: mabadiliko yaliyogusa maana yalifanywa na mtu mmoja baada ya kura, na anayetafuta nia ya mtunga sheria katika kifungu cha namna hiyo hana pa kuishika zaidi ya kichwa cha Bello. Hivyo wataalamu hulinganisha mradi wa 1853, rasimu iliyopita Bungeni na toleo la 1856 neno kwa neno, kama watu wanaolinganisha nakala za utenzi. Tunadhani alikosea kwa kanuni, na kwa matokeo mara nyingi alipatia.

Kwa maana maandishi yenyewe ni mazuri, na uzuri huo una kazi. Kifungu cha 19 kinamwambia hakimu: maana ya sheria ikiwa wazi, usiyapuuze maneno yake kwa kisingizio cha kutafuta roho yake. Cha 20 kinasema maneno yachukuliwe kwa maana yake ya kawaida, kwa matumizi ya jumla ya maneno hayo. Huyo ni mwanasarufi anayeandika sheria ya kusoma sheria. Lakini ukimtaka hakimu ashikamane na neno, lazima neno lenyewe liwe limepimwa, na hapo ndipo unaelewa kwa nini mzee wa miaka 74 alikuwa bado anahangaika na prufu.

Mfano ni kifungu cha 620, kuhusu nyuki. Nyuki wanaotoroka mzinga na kutua kwenye mti usio wa mwenye mzinga hurudia uhuru wao wa asili, na yeyote anaweza kuwachukua pamoja na masega yao, mradi asifanye hivyo bila ruhusa ya mwenyewe katika ardhi ya mtu iliyozungushiwa ua au kulimwa, wala dhidi ya katazo lake katika ardhi nyingine. Lakini mwenye mzinga hawezi kukatazwa kuwafuatia nyuki wake katika ardhi isiyo na ua wala isiyolimwa. Kila kesi ambayo mfugaji nyuki anaweza kuileta imo: mti wa nani, ua upo au haupo, nani amekataza, nani anafukuzia. Na kwa Kihispania kinaanza hivi: Las abejas que huyen de la colmena. Hesabu mizani, ukiunganisha irabu ya que na hu-: kumi na moja, ndiyo mizani ya mshororo mkuu wa ushairi wa Kihispania. Kama alikusudia au sikio lilijiongoza, mshairi yumo.

Katika ardhi na nyumba Kanuni haikufuata Ufaransa, ambako makubaliano pekee huhamisha umiliki. Bello aliweka hatua mbili: mkataba unakupa haki ya kudai, umiliki unahama pale hati inapoandikishwa kwenye daftari la msajili. Anayetaka kujua shamba ni la nani anafungua daftari. Kifungu cha 57 kinafuta tofauti kati ya Mchile na mgeni katika kupata na kufaidi haki za kiraia, na kimeandikwa na mtu aliyeishi ugenini London miaka 19.

Mabaya yake pia ni mengi na yaliumiza watu. Ndoa iliachiwa Kanisa hadi sheria ya 1884. Mke aliwekwa chini ya mume, asiweze kufunga mkataba mwenyewe. Chile iliondoa hilo mwaka 1989. Watoto waligawanywa kwa madaraja kufuatana na ndoa ya wazazi, na madaraja hayo yalifutwa kwa sheria iliyoanza kutumika 1999.

Nje ya Chile ilisambaa bila jeshi wala shinikizo. Ekuador iliipokea, El Salvador mwaka 1859, majimbo ya Kolombia moja baada ya jingine hadi shirikisho zima mwaka 1873, Nikaragua na Honduras baadaye. Manuel Ancízar, rafiki yake wa Bogotá, alimwandikia akiomba nakala. Kile ambacho Repertorio ilishindwa, kusomwa kutoka Santiago hadi Amerika ya Kati, kitabu cha sheria kilikiweza, kwa sababu safari hii wanunuzi walikuwa serikali zenye haja.

Bello alifariki Santiago tarehe 15 Oktoba 1865. Tahajia ya Chile iliendelea hadi 1927, serikali iliporudisha ile ya Chuo cha Kifalme cha Hispania. Lakini fungua toleo la 1856, kifungu cha 1, kinachosema sheria ni tamko la utashi wa mamlaka kuu ambalo, likidhihirishwa kwa namna iliyowekwa na Katiba, huamuru, hukataza au huruhusu. Neno la pili kwa Kihispania ni sheria, ambalo Hispania huandika ley. Hapo limechapwa lei, kwa i ile ile iliyokuwa kwenye ukurasa wa mbele wa jarida lililokufa London mwaka 1823.